Tulivyoficha Mchi wa Bi Zaina

Rumonge, siku ya soko, asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Zipokee salamu zangu kutoka ng'ambo hii ya ziwa, na kama karatasi inanuka samaki unisamehe, kwa maana mtu anayekuletea anasafiri na magunia yake ya ndagala na sikumwamini aliposema ataiweka mahali pake. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kidogo kwa ajili ya randa, lakini nakula, nalala, na meno yote yapo isipokuwa lile unalolijua. Wewe je, goti limetulia? Paa la jikoni bado linavuja? Lile blanketi nililokutumia limekufika, au limeishia mikononi mwa watu njiani?

Na wewe Shemeji Petro unayemsomea Mama barua hii, nakusalimu kwa heshima zote. Nakujua vizuri. Ukifika mahali unapoona aibu au huzuni, unaruka mistari mitatu na kusema "anaendelea kusalimia". Leo usiruke. Soma yote, hata pale ambapo mkwe wako atakukatiza.

Mama, nimepata cheo. Usiwaite majirani kwanza, hakina mshahara. Mimi sasa ni Mfariji wa Wagonjwa. Muforoma mkuu wa dispensari, yaani yule mwuguzi anayetupiga sindano, alichoka kuona watu wanamalizwa na hofu kabla ugonjwa haujafika. Basi akaomba watu wawili wa kanisa na mmoja wa msikiti, wawe wanawazungukia wagonjwa majumbani na kuwapa maneno ya kutia moyo. Msikiti ukamtoa Maalim Issa, anayefundisha watoto Kurani, mtu mpole sana ambaye ukimwuliza swali anakurudishia swali. Kanisa likamtoa Mama Debora, mjane wa kwetu Kivu, upande wa Uvira, anayeuza mawese sokoni na ambaye akiomba dua wavuvi walio majini wanajibu amina. Wa pili wa kanisa nikawa mimi.

Nilimwuliza mchungaji kwa nini amenichagua mimi, fundi seremala ambaye pamoja na vitanda na milango natengeneza pia masanduku ya maiti. Akasema, "Ndiyo sababu. Watu wakikuzoea, wataacha kukuogopa." Hawakuacha. Siku ya kwanza niliingia kwa mvuvi mmoja mwenye homa, akaiona mita ya kupimia mbao ikichungulia mfukoni mwangu. Aliinuka kitandani, akachukua jembe, akaenda shamba. Mama Debora aliliandika tukio lile kwenye daftari letu kuwa mtu wetu wa kwanza kupona. Tangu hapo mita naiacha nyumbani.

Kabla hatujaanza kazi tulipewa mafunzo. Alikuja daktari mmoja kutoka Bujumbura (Shemeji, ndiyo Usumbura ile ile, wamebadilisha jina baada ya Uhuru na sisi ndimi zetu hazijabadilika). Alisema Kifaransa saa nzima, akichora hewani kwa mikono, na mara moja akatoa leso akafuta macho. Alipomaliza, muforoma akatutafsiria: "Anasema iko watu wanachoka na maisha. Mutu akianza kurudisha vitu vya watu, anagawa vyake, anaaga majirani, hapo iko hatari. Musimuache peke yake. Na muondoe vyuma na kamba."

Nikauliza, "Saa nzima alisema hayo tu?"

"Ingine yote ilikuwa mifano."

Mama, mimi nashuku kwamba mambo ya maana yalikuwa kwenye ile mifano. Lakini Mama Debora alimfanya muforoma arudie mara tatu mpaka tukayashika maneno yale kama zaburi, tukajiona tumehitimu.

Sasa nikueleze habari za Mzee Sefu, maana barua hii ni yake. Ndiye mwenye nyumba ninayopanga, Mwislamu aliyezaliwa hapa hapa pwani, mtu wa michikichi. Amepita miaka sabini na mpaka mwaka jana alikuwa akipanda mwenyewe kukata mikungu, akiwa juu anatukana walio chini. Mimi ananiita Fundi. Kila akiona nimeleta mbao ananiambia, "Sisi hatuzikwi na sanduku. Kwangu hupati kazi." Mkewe, Bi Zaina, hajawahi kupika bila kunipakulia. Miaka hii yote niliyo huku, Mama, ukitaka kujua nani aliniangalia nilipougua, ni hao wawili.

Basi Mzee akaota uvimbe tumboni. Alipelekwa Bujumbura, yule daktari akampima, akataka ampasue. Mzee alirudi amepanda kamyo la mizigo kesho yake, amebeba mkate mrefu wa Kizungu wa kumpa mkewe, akasema hapasuliwi na habari imekwisha. Mimi nilikasirika. Nilitaka aende. Nilimwona yu hai, anacheka, anakula, na kuna mtu mwenye kisu na elimu anataka kumsaidia, yeye anakataa. Usiku ule sikuweza hata kula chakula chake.

Haikupita wiki, akaanza kuzunguka mtaani. Alirudisha chekecheo aliloazima tangu wakati wa Wabelgiji, ambalo mwenye mali alishasahau nani aliazima na alikuwa amemkasirikia jirani mwingine kwa ajili yake. Akagawa koti lake la Ijumaa. Akawa anasimama kila mlango: "Kama nimekukosea, nisamehe. Na mimi nimekusamehe." Kwangu alikuja na kofia yake ya pili, akanivika kichwani, akasema nimsamehe kwa maneno yote aliyonitukana akiwa juu ya mchikichi.

Mama, nilikwenda kwa Mama Debora nikikimbia. Alisikiliza, akahesabu kwa vidole: amerudisha, amegawa, ameaga. Vidole vitatu vilikuwa vimesimama. Akasema, "Elia, muzee anataka kujimaliza. Ile kukataa daktari ilikuwa mwanzo."

"Tumngoje Maalim Issa," nikasema. Maalim alikuwa amekwenda Nyanza-Lac kwenye arusi ya mpwa wake.

"Tukingojea Maalim, ataleta maulizo, na sisi tutakuwa tunazika."

Hapo ndipo tulipokosea, na nakuambia mapema ili usimlaumu mtu mwingine. Mzee alipokwenda msikitini na Bi Zaina alipokwenda ziwani kufua, mimi nilisimama mlangoni nikilinda, Mama Debora akaingia na kanga. Alitoka na panga, shoka, visu vyote, na kamba ya kupandia michikichi. Akarudi ndani, akatoka na wembe na sindano ya kushonea. Akarudi tena, akatoka amekumbatia mchi wa Bi Zaina.

"Mchi nao wa nini?" nikauliza.

"Ni muzito," akasema, na alikuwa anaangalia pia kioo cha ukutani, ila mikono ilikuwa imejaa.

Tuvifiche wapi? Chumba changu kiko ua ule ule. Kwenye karakana yangu kulikuwa na sanduku la maiti lililokwisha, la bibi mmoja wa njia ya Bugarama ambaye wajukuu zake walikuwa wanasubiri afe tangu masika, naye akawa kila wiki anaamka na kuomba chai. Nikawaza, sanduku la maiti ni kitu ambacho hakuna mtu anafunua kwa hamu. Tukaweka vyote humo, nikafunika.

Siku mbili zilizofuata nilimlinda Mzee. Akienda barazani nipo. Akienda chooni, nasimama nje nikiimba pole pole ili ajue hayuko peke yake. Aliniuliza, "Fundi, unataka nini kwangu?"

"Nakufariji, Mzee."

"Nifariji ukiwa mbali kidogo."

Bi Zaina naye alikuwa anatwanga majani ya sombe kwa chupa, akiwalaani wezi, na anakwenda kuazima kisu kwa jirani kila akitaka kukata kitunguu. Mimi nilikuwa nakula ile sombe yenye majani mazima na kunyamaza. Kila nikimeza, jani linanikaba, na nilijua kwamba linanikaba kwa haki.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko kama leo, na yule bibi wa Bugarama siku hiyo hakuamka kuomba chai. Wajukuu zake wanne walikuja kulichukua sanduku lao. Hawakunikuta, kwa kuwa nilikuwa nyuma ya Mzee Sefu kwa kinyozi, na karakana yangu haina mlango (ndiyo, Mama, fundi wa milango hana mlango). Wakalibeba wenyewe. Walipofika mbele ya soko, mmoja akasema, "Bibi hajaingia bado. Mbona iko nzito hivi?" Mwingine akasema linalia kama duka la vyuma. Wakaliweka chini, wakafunua.

Nilipofika nilikuta watu wamezunguka tabaka tatu. Na uelewe, Mama, huku Uhuru bado ni mbichi, bendera ina mwaka wa pili tu, na mtu akikutwa na mapanga yaliyofichwa ndani ya sanduku la maiti hawaulizi kwanza kama amekula. Chefu wa mtaa wetu alikuwa amesimama pale ameshika shoka kwa vidole viwili kama anashika panya.

"Fundi," akaniambia, "hii vita unapigana na nani?"

Kabla sijajibu, Mzee Sefu, ambaye nilikuwa nimemfuata mpaka pale au yeye amenifuata, sijui tena, akapenya mbele. Akaokota panga, akaligeuza. "Hii iko yangu." Bi Zaina akatokea upande wa wauza nyanya, akauona mchi wake umelala mahali ambapo kichwa cha bibi kingelala. Aliutoa, akaufuta kwa upindo wa kanga, akaniangalia. Mimi nikamtafuta Mama Debora kwa macho. Alikuwa kwenye meza yake anapanga makopo ya mawese kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona.

Chefu akasema nijibu. Nikaona hakuna njia ila ukweli. Nikasema, "Mzee, tuliogopa kwamba utajiua."

Soko zima likanyamaza, mpaka wanawake wa ndagala, na hao hawakunyamaza hata siku bendera ilipopanda. Nilitaka ardhi ipasuke. Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Twende nyumbani. Hii si maneno ya barabarani." Akamwita na Mama Debora kwa jina lake. Chefu akatuachia, akiniambia siku nyingine nikitaka kumwokoa mtu nipite ofisini kwanza. Wale wajukuu wakauliza kama sasa wanaweza kuendelea na msiba wao.

Nyumbani tulimkuta Maalim Issa ameketi barazani, ametoka Nyanza-Lac, mfuko bado begani. Tulipomweleza, alicheka mpaka akavua kofia. Ndipo tukajua. Kwao mtu akiugua vibaya, au akitaka kusafiri, hurudisha vya watu na kuomba radhi mlango kwa mlango, ili deni la maneno lisimfuate. Ni adabu. Mimi nilidhani ni mambo ya Idi tu. Maalim akasema nyanya yake aliomba radhi namna hiyo mara kumi na moja, akawazika wote waliomsamehe.

Mtu mwingine angeona haya akaenda zake. Mama Debora hakwenda. Nakuambia Mama, yule mwanamke akishika neno, ng'ombe wawili hawamng'oi. Aliketi kwenye mkeka, akakunja mikono.

"Nimekosa kuhusu muchi," akasema. "Bi Zaina, unihurumie. Lakini ile ingine sijakosa. Muzee, minakuambia ukweli. Daktari anataka kukutibu, weye unakataa. Kukataa dawa ni kujiua polepole. Mungu haangalie kama ulienda mbio ao ulienda polepole."

Mimi moyoni nilikuwa upande wake. Nilikuwa nimekaa karibu na Mzee, lakini moyo ulikuwa kwa Debora.

Tukamgeukia Maalim. Akasema, "Mtu aliyelima mpaka jua limetua, akaweka jembe begani akarudi nyumbani, tutasema amekimbia kazi?"

"Maalim, jibu," Debora akamwambia.

"Nimejibu."

"Umeuliza."

Bi Zaina akaingia kati, mchi bado mapajani kama mtoto aliyepotea akapatikana. "Munajua mimi nataka nini? Mimi nataka aende. Nililia siku tatu nikimwambia aende. Alinisikiliza, akalia na mimi, kisha akasema hataki. Ninyi mulikuja kuchukua visu, muchi, sindano. Hakuna mutu aliniuliza kitu. Na yeye mwenyewe, nani alimwuliza?"

Hakuna aliyemwuliza. Tulikuwa tumemfariji siku tatu, tumemwimbia mpaka chooni, na swali moja hatukumpa. Maalim Issa ndiye aliyelitoa, na kwa mara ya kwanza halikuwa la mzunguko. "Sefu, rafiki yangu. Unafikiria kujitoa uhai?"

Nilidhani Mzee atakasirika. Akasema, "Sasa hapana. Zamani, ndiyo."

Akatueleza kwamba alipokuwa kijana, kabla ya Bi Zaina, alikuwa na mke na watoto wawili kule kusini, na ugonjwa wa malale ukapita ukawachukua wote mwezi mmoja. Akabaki na nyumba. "Siku ile nilitaka kufa kweli. Sikurudisha kitu cha mutu, sikuaga mutu. Nilinyamaza tu. Jirani mumoja akaja kuomba chumvi, akaniona, akaketi. Akakaa siku tatu. Hakuniambia dini, hakuniambia nipige moyo konde. Alikuwa anasema habari ya mbuzi yake iliyokataa kuzaa. Siku tatu, mbuzi. Nikachoka na ile mbuzi mpaka nikaanza kujibu." Akatugeukia mimi na Debora. "Mungekuja siku ile na kuficha panga langu, ningewashukuru mpaka leo. Musiache kufanya hivyo kwa watu. Ila muulize kwanza."

Mama Debora alikuwa analia, na akilia hana sauti kabisa, jambo ambalo sikulijua.

"Na sasa?" akauliza Maalim.

"Sasa iko tofauti. Mimi sitaki kufa, Debora. Mimi napenda kuishi kuliko ninyi wote hapa, na hii Fundi ndiyo ya mwisho. Daktari angeniambia, 'Sefu, kunywa hii utapona,' na mimi nikamwaga, hapo ungenisema. Lakini nilimwuliza: ukinipasua, nitapanda muchikichi tena? Akasema hapana. Nitakaa huku siku ngapi? Akasema nyingi. Nitarudi kwa mke wangu? Akaangalia dirisha. Daktari akiangalia dirisha, mimi ninaelewa Kifaransa. Siku zilizobaki sijui ngapi, lakini ninazitaka hapa, nione ziwa, nigombane na Zaina. Hiyo ndiyo kujiua?"

Debora akasema, "Mimi sitakubali." Lakini alisema kama mtu anayemsihi, si kama mtu anayehukumu.

Hapo ndipo Mzee akatoa karatasi kwenye kanzu. Muforoma alikuwa amempa, ya kusema kwamba mgonjwa amekataa kupasuliwa kwa akili zake. Inataka dole gumba lake, na sahihi ya mtu wa familia anayejua kuandika. Mtoto wao wa pekee, Hamisi, alikwenda Kigoma zamani na hawajapata hata salamu. Wino wa kidole haukuwapo. Bi Zaina, ambaye alitaka aende, mwenyewe alichanganya masizi na mawese kwenye kisahani, akamshikia mumewe kidole, akakikandamiza kwenye karatasi. Kisha Mzee akanisogezea. "Fundi. Weye unajua kuandika. Sinya hapa, weka jina lako."

"Elia," Mama Debora akasema, "ukisinya hapo, ni kama umemupeleka kaburini kwa mukono yako."

Nilishika kalamu, Mama, na sikuandika. Na sasa, Shemeji, soma polepole.

Nilimkumbuka Baba. Niliikumbuka siku ambayo gari la misheni lilisimama mbele ya nyumba yetu, injini ikiwaka, limekuja kumpeleka hospitali. Wewe uliingia ndani, mkabaki wawili, ukatoka, ukasimama mlangoni, ukasema, "Haendi." Mwuguzi akakusihi, ukarudia neno lile lile. Gari likaondoka. Baba alifariki wiki iliyofuata, na mimi nikasema mbele ya ndugu zako wote kwamba wewe ndiye uliyemwua. Nililisema tena matangani, ili asiyesikia asikie. Halafu nikavuka ziwa. Miaka yote hii nimekuwa nikikuandikia habari za mvua na za mbao, kama mtu anayemwandikia bwana shamba.

Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita na niliamini kwamba mtu anayekataa hospitali ni mjinga, na anayemkatalia mwenzake ni mwuaji. Niliamini hivyo mpaka asubuhi ya siku ile. Nilipomtazama Bi Zaina, kidole chake kimechafuka masizi, uso wake umechoka kwa kulia, akimshikia mumewe mkono ili afanye jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitaka, nilikuona wewe. Sikukuona mwuaji. Nilisikia aibu ambayo siwezi kuiandika vizuri, basi naiandika hivi hivi.

Nikatia sahihi. Palikuwa na mahali pa kujaza uhusiano wangu na mgonjwa. Nikaandika: mtoto. Nilipoipeleka dispensari, muforoma alilisoma jina langu, Elia, akalisoma la Mzee, akaitazama kofia ya Mzee kichwani mwangu, akagonga muhuri bila kuniuliza niliingia dini lini.

Jumapili Mama Debora hakunisalimia kanisani. Jumatatu nilirudi kutoka karakana nikamkuta barazani kwa Mzee, amemletea uji, ameketi kwenye mkeka. Akaniambia kabla sijafungua kinywa, "Mimi sijakubali."

"Najua, Mama Debora."

"Nimekuja kuketi tu."

Anakuja kila siku sasa. Anamsimulia Mzee habari za wateja wake wa mawese, mmoja mmoja, na Mzee ananiambia pembeni kwamba zinashinda hata ile mbuzi. Amekonda, Mama. Siku nyingine maumivu yanamkunja na hakuna mzaha. Muforoma anamletea dawa za kutuliza, naye anazinywa zote kwa wakati, anasema hizi hakuzikataa. Siku akiwa na nguvu anatoa amri. Juzi alinituma nikalichukue jeneza la msikiti, lile linalobeba kila mtu na kurudi, kwa sababu mguu mmoja unalia. "Sitaki kupita sokoni nikilia kriii kriii kama kitanda cha arusi," akasema. Nilileta mita bila kuificha. Yeye akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine, akanikosoa vipimo.

Wasalimie wote. Msalimie Dada Rebeka, mumewe tayari nimemsalimia. Msalimie Mjomba aliyenifundisha randa, umwambie bado napinda misumari kama alivyotabiri. Msalimie Bibi mzaa baba, apewe salamu hizi kwa sauti kubwa, sikio la kushoto. Msalimie mchungaji wetu, na mama mdogo anayeuza muhogo, na mtoto wa Rebeka ambaye sijamwona.

Mama, siku hizi nikiingia kwa mgonjwa nauliza kwanza. Wewe sijakuuliza bado. Siku ile mlipobaki wawili ndani na gari likinguruma nje, Baba alikuambia nini? Sikukuuliza kwa kuwa nilidhani jibu ninalo. Niambie kwa maneno yako, Shemeji ayaandike yalivyo bila kuyanyoosha. Na kama Baba hakuwa tena na nguvu ya kusema, kama uliamua wewe peke yako, ukasimama mlangoni peke yako, niambie hilo pia. Litakapofika, jibu lolote, nitavuka nije kuketi nawe.

Mimi mwanao,
Elia